MAKADIRIO YA MATENGENEZO YA MGONGO WA PAA NA UKUTA WA PEMBETATU

Ni kawaida, masika yanapokaribia, mwenye nyumba kumwita fundi, kumwonesha mahali panapovuja na kumuuliza bei. Fundi hutazama juu akiwa amesimama chini, hutaja jumla moja, na kazi huanza. Katikati ya kazi vifaa hupunguka, fedha huwa zimekwisha, na mvua huikuta nyumba iko wazi. Somo hili limekusudiwa kuwasaidia wakaazi, pamoja na watumishi wanaosimamia nyumba za Serikali, skuli na vituo vya afya, waepukane na hasara hiyo. Kanuni yake ni moja: kupima kwanza, kutia bei mwisho.

Huko Vigwaza, Mkoa wa Pwani, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, ipo mizani ya kupimia malori. Dereva hapiti hapo kwa kukisia uzito wa shehena yake kwa macho. Nyumba inayotumika kuwa mfano katika somo hili imechukuliwa kuwa iko Vigwaza hiyo hiyo, na paa lake litapimwa kama malori yanavyopimwa.

Kwa nini mgongo na ubavu

Nyumba ya Kiswahili ya makuti kwa desturi ina mapaa mawili makubwa, la mbele na la nyuma, na vipaa viwili vya ubavuni. Nyumba nyingi za bati hazina vipaa hivyo. Badala yake ubavu hufungwa kwa ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye mgongo wa paa. Ukuta huo ni mrefu, tena mara nyingi haukufungwa na mbao za kenchi; kwa hiyo hupasuka upesi.

Upepo nao hauli paa sawasawa. Nguvu yake ya kunyanyua bati huwa kubwa zaidi kwenye mgongo, pembeni na kwenye ncha. Watu wa mwambao wanalijua jambo hili tangu zamani: kimbunga cha Aprili 1872 kiliharibu Unguja na Bagamoyo pia, na mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika katika pwani ya Tanzania. Kofia moja ya mgongo iliyolegea huweza kuwa mlango wa upepo kuingia na kung'oa bati zima.

Hatua ya kwanza: kujua sababu

Kabla ya kupima, fundi apande akague. Je, kofia zimeliwa na kutu, au ni misumari tu iliyolegea? Je, zimepandiana vya kutosha? Je, ubao ulio chini ya mgongo umeoza au umeliwa na mchwa? Nyumba iliyo karibu na bahari, kama zile za mjini Bagamoyo au za pwani ya Unguja na Pemba, huharibiwa zaidi na chumvi ya hewani. Vigwaza iko mbali na chumvi hiyo, lakini mchwa hawana mpaka. Kubadilisha kofia juu ya ubao uliooza ni kulipa mara mbili.

Tahadhari: baadhi ya majengo ya zamani yameezekwa kwa mabamba yenye asbesto. Vumbi lake likivutwa huweza kuleta maradhi ya mapafu na saratani. Mabamba hayo yasikatwe kwa msumeno, yasivunjwe wala yasifagiliwe yakiwa makavu. Mamlaka husika iarifiwe, na gharama ya wataalamu iingizwe katika makadirio.

Hatua ya pili: kupima

Tuchukue kwamba mgongo wa nyumba yetu una urefu wa mita 12, na kofia zinazouzwa ni za mita 2. Anayegawa 12 kwa 2 atanunua kofia 6, na zitampungukia. Kila kofia hupandiana na mwenzake kwa sentimita 15. Hivyo ya kwanza hufunika mita 2, na kila inayofuata hufunika mita 1.85 tu. Kofia 6 hufika mita 11.25. Zinahitajika 7.

Skrubu zikiwekwa kila sentimita 30, upande mmoja unahitaji 41, na pande mbili 82. Zikiongezwa za akiba, zinunuliwe 90.

Ukuta wa pembetatu wa nyumba hiyo una upana wa mita 7 na kimo cha mita 1.8. Eneo lake ni nusu ya upana mara kimo, yaani mita za mraba 6.3. Kwa matofali ya saruji ya kawaida, makisio ni matofali 10 kwa mita moja ya mraba. Ukuta mzima ni matofali 63, na pamoja na yatakayokatwa, 70.

Hapa ndipo wengi hupotea. Ikiwa iliyopasuka ni nusu ya juu tu ya kimo, kazi si nusu ya ukuta. Pembetatu hupungua upana kadiri inavyopanda: nusu ya juu ina upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 0.9, yaani eneo la mita za mraba 1.575. Hiyo ni robo ya ukuta. Yanatosha matofali 16, na 18 pamoja na ya kukata. Anayekubali kulipia "nusu ya ukuta" analipa maradufu.

Hatua ya tatu: kutia bei

Bei zifuatazo zimewekwa kwa ajili ya kufundishia tu. Kila mtu atie bei za soko la siku yake.

Kofia 7 kwa Sh. 15,000: Sh. 105,000
Skrubu 90 kwa Sh. 150: Sh. 13,500
Mbao 2 za mgongo kwa Sh. 12,000: Sh. 24,000
Matofali 18 kwa Sh. 1,500: Sh. 27,000
Saruji mfuko 1: Sh. 18,000
Mchanga: Sh. 12,000
Usafiri wa vifaa: Sh. 20,000
Kukodi ngazi na jukwaa: Sh. 20,000
Fundi 1, siku 2 kwa Sh. 30,000: Sh. 60,000
Wasaidizi 2, siku 2 kwa Sh. 15,000: Sh. 60,000
Jumla ndogo: Sh. 359,500
Dharura, asilimia 10: Sh. 35,950
Jumla kuu: Sh. 395,450

Fungu la usafiri lisidharauliwe. Vigwaza ipo kwenye barabara kuu. Mkaazi wa Tumbatu au Kojani atalipa gari, chombo na wapagazi. Fungu la dharura nalo si la fundi. Ni la mwenye nyumba, na hutumika pale tu jambo lililofichika linapoonekana.

Mambo ya kuzingatia

1. Watakaotoa bei wapewe vipimo vile vile, kwa maandishi. Bei tatu za kazi tatu tofauti hazilinganishiki.

2. Bei ioneshe vifaa mbali na ufundi, na ieleze kama kodi imo.

3. Malipo yafuate kazi iliyokwisha kupimwa, si ahadi.

4. Kwa jengo kubwa au la umma, ashauriwe mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa.

5. Paa lisifunuliwe kabla vifaa vyote havijafika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba ya Vigwaza aliye na ufa katika nusu ya juu anahitaji leo matofali 18. Akingoja ukuta uanguke wote, atahitaji 70. Kazi hii inafaa ikamilike kabla ya mwezi wa Machi, masika yanapoanza.