Somo la Tano: Mgeni Katika Ngoma ya Unyago, Kibiti na Delta ya Rufiji

Madhumuni: Baada ya somo hili, mlaji aweze kutofautisha huduma anazostahili kudai kwa fedha alizolipa na mambo yasiyouzwa kwa bei yoyote.

Katika Wilaya ya Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji, unyago ni shughuli ya familia. Mwali huwekwa ndani, hufundwa na kungwi, kisha hutolewa kwa sherehe. Mafunzo ni siri ya wahusika. Kutolewa kwa mwali ni jambo la hadhara: majirani hualikwa, ngoma hupigwa na chakula huliwa. Msafiri hukaribishwa katika sehemu hii ya pili tu, tena kwa ridhaa ya wenye shughuli.

1. Kinachouzwa na kisichouzwa
Wakala wa safari anaweza kukuuzia usafiri, malazi, chakula na huduma ya mwongozaji. Hawezi kukuuzia siri za unyago, kwa kuwa si mali yake. Akiahidi kukuingiza ndani kwa malipo ya ziada, ama anakudanganya, ama anakusudia kuivunjia familia heshima. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Fedha unazotoa kwa kuwatuza wachezaji ni zawadi ya hiari, wala si kiingilio. Asikutoze mtu kiwango maalumu.

2. Tarehe
Ngoma hizi hazifuati kalenda ya watalii. Msiba ukitokea, au mavuno yakichelewa, shughuli huahirishwa. Mwezi wa Ramadhani nao ngoma hunyamaza. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza: nani mwenye shughuli, na je, amekubali wageni? Ikiahirishwa, ni fedha zipi zitarudishwa, na kwa muda gani? Majibu yaandikwe.

3. Usafiri
Kibiti hufikiwa kwa barabara ya Kilwa itokayo Dar es Salaam. Vijiji vingi vya delta hufikiwa kwa chombo cha majini, mathalani kutoka Nyamisati. Huko maji ndiyo saa: yakipwa, vijito vya mikokoni hukosa kina na chombo hukwama, wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa huwa kubwa zaidi. Mwulize nahodha saa ya kwenda na ya kurudi, kisha panga safari yako kwa kufuata maji. Hesabu majaketi okozi kabla ya kupanda. Yakipungua idadi ya abiria, usipande, na udai nauli yako.

4. Picha
Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, na wali wengi wamo katika umri huo. Usimpige mwali picha bila ridhaa ya wazazi na yake mwenyewe. Hata wakiridhia, usiisambaze mtandaoni: picha iliyokwisha kuenea hairudishwi, naye ataishi nayo maisha yake yote. Ruhusa ya mwongozaji haitoshi.

5. Ukidhulumiwa
Tunza risiti, tangazo la safari na ujumbe wote mlioandikiana. Anza kwa kumdai wakala kwa maandishi, ukieleza kilichoahidiwa na kilichotolewa. Asipokuridhisha, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Kumbuka kuwa dai lako ni kwa aliyepokea fedha zako. Familia iliyokukaribisha haikukuuzia kitu, wala haiwajibiki kwa ahadi za wakala.

Maswali ya kujipima
(a) Wakala ametangaza "unyago kamili, ndani na nje". Ni sehemu gani ya tangazo hilo inapotosha, na kwa nini?
(b) Umefika Nyamisati, maji yamekupwa na chombo hakiwezi kuondoka. Ni swali gani ulipaswa kuuliza kabla ya kulipa?
(c) Baba wa mwali ameruhusu picha, lakini mwali amejifunika uso. Utafanya nini?