Nta ya Kupuliza: Ipi Inunuliwe, na kwa Gari Lipi? (Somo kwa Madereva, Utingo na Waosha Magari)



Gari ni mali ya tajiri, lakini rangi yake ikififia lawama hutuangukia sisi tunaoliosha na kuliendesha. Madereva wa Kampala wametuuliza mara nyingi juu ya hizi chupa za kupuliza zilizojaa madukani, kila moja ikidai kwamba inalinda rangi kuliko mwenzake. Tajiri hutoa fedha na kusema, "Nenda kanunue polishi." Basi. Hasemi ipi. Matata yote huanzia kwenye neno hilo moja, kwa sababu watu wetu huita polishi vitu viwili ambavyo kazi zao hazifanani hata kidogo.

Tuanze na rangi yenyewe. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi tunayoiona, na juu kabisa, kwa magari mengi ya miaka hii, kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayong'aa, na ndani yake mna dawa ya kuzuia miale ya jua isiiunguze rangi iliyo chini. Unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50, na maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani mara nyingi ni mnene kuliko klia. Hapo ndipo ilipo akiba yote ya mng'aro wa gari, na ikiliwa hairudi mpaka gari lipigwe rangi upya.

Sasa, kuna dawa inayokata na kuna dawa inayofunika. Inayokata ina chembechembe ndogo sana za kusugulia, hata kama mkononi inateleza kama maziwa. Hiyo huondoa mikwaruzo kwa kuipunguza klia yenyewe kidogo kidogo. Inayofunika haiondoi kitu, bali huweka ngozi nyembamba juu ya klia ili maji, vumbi na uchafu visishike. Kwenye chupa, maneno Polish, Compound, Scratch Remover na Swirl Remover kwa kawaida ni ya dawa ya kukata. Maneno Wax na Sealant ni ya kufunika. Ukiona Cleaner Wax, jua kwamba mara nyingi imechanganya yote mawili, usiitumie kila wiki.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu limekwisha kumfikisha mwenzetu pabaya. Dereva mmoja wa kampuni ya uchukuzi, ambayo hatuitaji, alikuwa akisugua boneti ya pikapu kila Jumamosi kwa dawa aliyopewa stoo. Alifanya hivyo zaidi ya mwaka mmoja, maana mkubwa wake alipenda gari ling'ae. Boneti ikaanza kufanya weupe, kisha klia ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Tajiri akataka gharama ya kupiga rangi ikatwe katika mshahara wake. Tulipokaa mezani tuliomba jambo moja tu: tuoneshwe chupa na risiti. Chupa ilikuwa ya dawa ya kukata, na risiti ilikuwa ya ofisi. Makato yakafutwa. Laiti dereva yule angeyajua maneno yaliyo kwenye chupa, shauri lisingefika mezani hata kidogo. Na tukumbuke kwamba Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, katika kifungu cha 8 unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa msuluhishi. Hasira ya meneja haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo tajiri akikupa dawa, andika jina lake na tarehe kwenye daftari la gari.

Nta ya kupuliza ni maji yaliyochanganywa na nta kidogo, mara nyingi pamoja na mafuta ya silikoni. Unapuliza mara mbili tatu kwa mlango mmoja, unapangusa, kisha unageuza kitambaa upande mkavu na kung'arisha. Ni kazi ya dakika chache. Lakini haikai sana: kwa gari linalooshwa mara kwa mara, hesabu ni ya wiki chache, si miezi. Nta ngumu ya kopo, inayopakwa kwa sponji, hukaa zaidi.

Nta inayosifiwa kuliko zote ni karnauba. Hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende uotao kaskazini-mashariki ya Brazili, katika majimbo kama Piauí na Ceará. Majani hukatwa kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu, huanikwa juani, kisha hupigwa mpaka unga wa nta utoke. Huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80, ndiyo maana haitiririki juu ya boneti mchana. Wakaguzi wa kazi wa Brazili wamewakuta mara kadhaa wakata majani hao wakifanyishwa kazi katika hali inayofanana na utumwa, bila maji safi wala mahali pa kulala. Haya hayaandikwi kwenye chupa, lakini wenzetu wajue mng'aro huo unaanzia mikononi mwa nani.

Chupa iliyoandikwa Detailer ni kitu kingine. Hiyo ni maji ya kulainisha na kung'arisha, na ulinzi wake ni mdogo. Inafaa baada ya kuosha, wakati wa kukausha, au kuondoa alama ya maji na kinyesi cha ndege kilichoanguka sasa hivi. Kampala tunao kongoti, wale Waganda huwaita kalooli, nao hawana huruma na gari lililoegeshwa chini ya mti. Kinyesi cha ndege kikikaa juani huila klia na kuacha alama isiyofutika kwa kitambaa. Usikikwangue. Kilowe kwanza, ukiache kilainike, kisha ukiinue kwa kitambaa laini. Kwa kazi hii chupa ndogo ya diteila ndani ya gari ni fedha iliyotumika vizuri.

Lakini dereva atokaye Malaba na lori lililovaa vumbi asithubutu kupuliza diteila na kupangusa. Ndani ya vumbi mna mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko hata kioo, seuze klia. Anayepangusa vumbi kavu anasugua gari kwa msasa. Kwanza maji mengi, kisha sabuni ya gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga ya kufulia tuiachie nguo, maana huondoa nta iliyopakwa jana. Kitambaa kikianguka chini, kwisha kazi yake siku hiyo.

Kuna pia zile za kisasa, Sealant na Ceramic Spray. Hizi hukaa miezi kadhaa zikipakwa sawasawa. Huo "sawasawa" ndio ulio mgumu: gari liwe safi kabisa, liwe kivulini, bati liwe baridi, na upake sehemu moja tu, upanguse kabla haijakauka, ndipo uende sehemu nyingine. Ukiipuliza gari zima mchana wa jua itaacha michirizi ya kukutesa. Jaribu kwa kiganja: kama huwezi kukituliza kwenye boneti, usipake kitu chochote. Tena neno Ceramic siku hizi limeandikwa hata kwenye chupa za bei ya chini sana ambazo hazina zaidi ya silikoni. Soma maelezo ya nyuma, usisome jina la mbele tu.

Kwa maoni yetu, gari la ofisi au la kukodi linalooshwa kila siku lipakwe nta ya kopo au sealant kila miezi mitatu au minne, na katikati yake nta ya kupuliza mara moja kwa wiki mbili. Lori lipate sealant, kwa kuwa hakuna dereva mwenye nafasi ya kupangusa kichwa cha lori kila wiki. Gari lenye rangi isiyong'aa kwa makusudi lisipakwe nta kabisa. Gari la zamani lisilo na klia utalitambua ukilisugua kidogo kwa kitambaa cheupe chenye polishi: kitambaa kikishika rangi ya gari, klia haipo. Pikipiki nayo ipakwe tangi tu. Nta kwenye kiti, tairi au breki ni ajali.

Kujua kama nta bado ipo, mwagia maji. Yakijikusanya vitone vya mviringo na kukimbia, ipo. Yakitandaa na kukaa kama shuka, imekwisha.

Dizeli na mafuta ya taa, ambayo wengine hupaka gari ling'ae, hayalindi chochote. Hukusanya vumbi ndani ya saa moja na kukausha ngozi ya mikono mpaka ipasuke. Na mwenye kazi karibu na banda la kupigia rangi asipulize silikoni hapo. Tone dogo likifika kwenye bati, rangi mpya hufanya mashimo ambayo mafundi huyaita macho ya samaki, na fundi mwenzako ndiye atakayelaumiwa.

Mwisho ni mapafu. Makopo ya kupuliza mara nyingi huwa na vimiminika vya petroli na gesi inayowaka. Yatumike mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa na mashine ya kuchomea vyuma, na mikono ivae glavu. Mkataba Na. 170 wa mwaka 1990 unataka mwajiri awe na karatasi ya maelezo ya usalama ya kila kemikali hatari na wafanyakazi waweze kuiona. Iombeni. Mtu akinywa dawa hiyo kwa bahati mbaya msimtapishe, maana inaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yake. Kopo lililokwisha lisitobolewe wala kutupwa motoni. Hata likitikiswa na kuonekana tupu, gesi bado imo.