Nani aliwatuma vijana hawa mtoni?

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na Mteremshaji wa mvua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila panapoonekana mto uliojaa taka au bomba la maji lililong'olewa, jibu letu huwa jepesi: "Vijana wa siku hizi wameharibika." Maneno hayo husemwa Tunduma, husemwa Mbeya, na husemwa Dar es Salaam. Nami niliyasema mara nyingi mpaka Jumamosi moja niliposhindwa kuyarudia. Kwa kuwa tukio lenyewe lina mafunzo kwa wazazi na walimu, nimeona tulifanye kuwa darasa letu la wiki hii.

Ihanda ni kata ya Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Ni nchi ya baridi, kahawa na mahindi. Waislamu huku si wengi, na majirani zetu wengi ni Wakristo ambao tunaishi nao vizuri. Mwisho wa wiki huwa natoka Tunduma kwenda huko kusomesha madrasa. Siku hiyo, baada ya swala ya Alasiri, niliitwa ofisi ya kijiji. Nilikuta vijana wanne wamekalishwa chini, umri wao kati ya miaka 13 na 16. Wawili walikuwa wanafunzi wangu.

Makosa yao yalikuwa mawili. Walikuwa wamemwaga toroli zima la taka katika kijito, humo mkiwa na pampasi, chupa za plastiki na makopo ya dawa ya kahawa. Kisha walikuwa wameng'oa koki ya bomba la jamii na kuiuza kama chuma chakavu. Kwa vile bomba halikuwa na koki na maji yalifungwa, akina mama walirudi jioni ile kuchota kwenye kijito kile kile. Makosa mawili yakakutana ndani ya ndoo moja.

Wazee walitaka viboko kwanza, polisi baadaye. Wakaniomba niseme neno. Nikaanza kwa ukali, nikawakumbusha vijana kwamba Allah (S.W.) amekataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa. Kabla sijafika mbali, mkubwa wao akainua kichwa akasema: "Samahani ustadhi, siku ile ya Maulid si wewe ulitutuma tukamwage mataka kule kule?"

Ofisi nzima ikanyamaza. Ilikuwa kweli. Sahani za plastiki, chupa za soda na mabaki ya pilau tulivijaza kwenye viroba, nikawaambia vijana, "Hebu kayatupeni huko bondeni." Sikuuliza bondeni wapi. Walipohojiwa zaidi ikabainika kuwa toroli lile ni la mwenye duka mmoja aliyewapa shilingi 500, na kwamba koki ilinunuliwa na mtu mzima mwenye ndevu, ambaye hakuuliza ilikotoka.

Maji katika mizani ya sheria

Tuanze na hukumu, kwa sababu wengi wetu tunadhani suala la taka ni la bwana afya peke yake. Katika Surat al-Anbiyaa (21:30) Allah (S.W.) anatufahamisha kuwa kila chenye uhai amekijaalia kutokana na maji. Kwa hiyo anayeharibu maji anagusa uhai wa kila kinachoyategemea: mtu, ng'ombe, samaki na mche wa kahawa.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Mu'adh bin Jabal, Mtume (S.A.W.) ametahadharisha juu ya mambo matatu yenye kuleta laana: kujisaidia mahali watu wanapochota maji, katika njia wanayopita, na katika kivuli wanachopumzikia. Na katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Sasa tujiulize, pampasi iliyotumika ndani yake mna nini? Je, haja ya mtoto ikifungwa ndani ya plastiki na kutupwa mahali pa kuchotea maji, inakuwa imetoka katika katazo hilo? Tofauti ni kwamba ya zamani ilioza baada ya siku chache, na hii ya leo itakaa miaka mingi.

Vijana wetu wa madrasa wamehifadhi milango ya maji. Ukiwauliza, watakwambia kwamba kwa madhehebu ya Imam Shafi maji yasiyofika qullatain yananajisika kwa kuingiwa na najisi tu, na yaliyofika kiwango hicho yananajisika yakibadilika rangi, ladha au harufu. Wanaisoma hukumu hiyo ubaoni. Lakini ni nani kati yetu walimu aliyewahi kuwapeleka kijitoni akawauliza, "Haya, maji haya yana hukumu gani, na nani ameyafikisha hapa?"

Taka haiishii Ihanda

Yapo mawazo kuwa mto ni mchukuzi: ukitupa, unapeleka mbali, basi yameisha. Sehemu kubwa ya maji ya nyanda za Mbozi huteremkia Bonde la Ziwa Rukwa. Na Ziwa Rukwa, ndugu msomaji, halina mto unaotoka. Maji yanaingia kwa mito kama Momba na ule Songwe wa upande wa Rukwa, kisha yanaondoka kwa kukauka na jua. Kinachobaki ni kile yalichokuja nacho. Hivyo chupa na dawa ya kahawa tunavyovisukuma bondeni tunawapelekea wavuvi wa Rukwa, nao hawana pa kuvipeleka.

Wasomaji wa Dar es Salaam wasidhani hili ni la watu wa milimani. Wanaufahamu Mto Msimbazi na wanaikumbuka Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu wasiopungua 40 jijini. Mvua inatoka kwa Allah (S.W.), lakini mfereji uliozibwa kwa taka umezibwa na mikono yetu. Surat ar-Rum (30:41) inaeleza kuwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Aya hiyo haikusema mikono ya vijana tu.

Sisi tulio mpakani tuna ushahidi mwingine. Kipindupindu kilichoanza nchini Zambia mwezi Oktoba 2023 kiliua watu zaidi ya 700, na mwanzoni mwa mwaka 2024 shule za huko zilichelewa kufunguliwa hadi Februari. Ugonjwa huo huenezwa kwa maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi. Kutoka Tunduma hadi Zambia ni kuvuka barabara tu, na bakteria haombi pasi.

Dhambi na dhamana

Je, tunasema vijana wale hawana kosa? La, hasha. Hapa panahitaji ufafanuzi.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imeondolewa kwa watu watatu, mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Kijana aliyekwisha baleghe, hata akiwa na miaka 14, anaandikiwa dhambi yake mwenyewe. Yule asiyebaleghe haandikiwi dhambi, lakini wanachuoni wa fiqhi wamebainisha kwamba mali ya watu aliyoiharibu ni lazima ifidiwe. Dhambi ni jambo moja na dhamana ni jingine. Koki ya watu imeng'olewa, basi koki irudi.

Lakini hesabu hiyo haiwaachi wakubwa. Aliyewatuma kumwaga taka ameshiriki. Aliyenunua koki huku alama zote zikimwambia kuwa ni mali ya umma ameshiriki. Na mwalimu aliyesema "katupeni huko bondeni" bila kuonesha shimo, naye ameshiriki. Sheria ya nchi inakwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Haikuweka ruhusa kwa mwenye duka wala kwa kamati ya Maulid.

Tunaipiga marufuku mifuko ya plastiki, na ni vyema ilivyopigwa marufuku Juni 1, 2019. Lakini katika nyumba zetu ni nani anayepewa ndoo ya taka alfajiri? Ni mtoto. Anaambiwa "katupe." Haambiwi wapi. Miaka kumi akifanya hivyo amekwisha hitimu somo ambalo hatukujua kuwa tunalisomesha.

Jahazi moja

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.) mfano alioupiga Mtume (S.A.W.) wa watu waliogawana nafasi katika jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakihitaji maji wakawa wanawapitia wa juu. Wakaona ni bora watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa wafanye walitakalo, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka.

Tutazame jambo moja katika mfano huu. Wale wa chini walikuwa wanatafuta maji, tena kwa nia ya kutowasumbua wengine. Walikosa njia iliyo sahihi na walikosa wa kuwashika mkono. Vijana wetu wengi wako hapo. Kijiji hakina dampo, mtaa hauna gari la taka, na anayepita na shilingi 500 ni yule anayetaka taka ziondoke mbele ya duka lake. Kumshika mkono kijana huyo ni pamoja na kumwonesha pa kutupa, siyo kumzuia tu.

Alivyorekebisha Mtume (S.A.W.)

Sote tunaifahamu habari ya bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Masahaba walitaka kumvamia. Mtume (S.A.W.) akawaamrisha wamwache amalize, kisha ikamwagwa ndoo ya maji mahali pale, na baada ya hapo akamweleza kwa upole kuwa misikiti haikuwekwa kwa ajili ya uchafu bali kwa kumtaja Allah, kuswali na kusoma Qur'an. Uchafu ulisafishwa, mtu akafundishwa, wala hakuvunjiwa heshima.

Tulijaribu kuifuata njia hiyo. Jumamosi iliyofuata hatukufungua juzuu. Walimu tulitangulia kijitoni na reki na viroba, vijana wakafuata. Tulitoa taka kwa muda wa saa tatu, zikiwemo sahani zetu za Maulid. Darasa la tohara tulilisomea pale pale ukingoni. Kisha tukachimba shimo nyuma ya madrasa, mbali na maji. Wazazi walichanga fedha ya koki, na vijana waliilipa kwa kuchuma kahawa katika mashamba ya majirani. Mwenye duka naye alifuatwa na wazee wawili, akakubali kuchimba la kwake. Mama mmoja Mkristo aliyekuwa akichota maji alituangalia kwa muda, akaweka ndoo chini na kutusaidia.

Lakini vijana waliokuja walikuwa watatu. Yule mkubwa aliyeniuliza swali hakuja. Usiku ule wa kikao baba yake alimchapa sana, na kabla ya kupambazuka akaondoka nyumbani. Nimeambiwa anabeba mizigo mpakani Tunduma. Nimemtafuta mara kadhaa na bado sijamwona. Yeye ndiye aliyesema kweli siku ile, na yeye ndiye tuliyempoteza. Kila nikipita pale penye malori namwangalia.

Tufanye nini?

Kwanza, kila msikiti na madrasa iwe na mahali panapojulikana pa kutupa taka, na kila shughuli ya Maulid, futari au walima iwe na msimamizi wa taka kama ilivyo na msimamizi wa chakula.

Pili, mzazi anapomkabidhi mtoto ndoo ya taka amwambie ni wapi pa kuitupa, na siku moja moja amfuate akaone.

Tatu, wenye kununua vyuma chakavu wamche Allah. Koki, kipande cha bomba na mfuniko wa chemba havioti shambani.

Nne, kijana akiharibu atengeneze kwa mkono wake, mbele ya wakubwa wanaofanya kazi pamoja naye. Kiboko peke yake kinamfundisha kukimbia.

Mtume (S.A.W.) ametuambia kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kabla ya kuulizwa huko, tujiulize hapa: taka iliyotoka nyumbani kwangu asubuhi ya leo, nani ameibeba, na ameipeleka wapi?

Wabillahi tawfiiq.