Ya masafa na ya michezo, ipi itatangulia?

Swali: Naendesha bodaboda Kilosa. Nikipeleka abiria Mikumi huona pikipiki kubwa zikielekea Iringa, nyingine za masafa zenye masanduku, nyingine za michezo. Zikishindana mita 402, ipi itatangulia?

Jibu: Ya michezo, tena kwa mbali. Honda Gold Wing, ya masafa, ina injini ya 1,833 cc, nguvu za farasi kama 125 na uzito unaozidi kilo 360. Suzuki Hayabusa, ya michezo yenye 1,340 cc, hutoa farasi karibu 190 kwa kilo 264 hivi. Yaani kila farasi wake anavuta nusu tu ya mzigo wa mwenzake.

Utamu uko pale mwanzoni. Gold Wing ni ndefu, haiinuki ovyo. Ya michezo ni fupi. Ukiachia klachi kwa pupa, gurudumu la mbele linapanda na itabidi upunguze mafuta. Ndiyo maana wenye mbio hizi huirefusha nyuma.

Na bodaboda yako, mdogo wangu? Sproketi kubwa ya nyuma itaiondoa upesi, ila kasi ya juu itapungua. Usijaribie ndani ya Hifadhi ya Mikumi: tembo akivuka lami hawashi indiketa.