Sifongo wa Baharini na Asili ya Dawa

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa hapa habari za sifongo, kiumbe ambaye wavuvi na wakulima wa mwani humwona kila maji yatokapo, na wengi humdhania kuwa ni mmea. Sifongo ni mnyama. Hana miguu, gamba wala meno, na pale alipojishika ndipo aishipo. Kinga yake ni kemikali zilizomo mwilini, ambazo mara nyingi hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi ndani yake.

Kemikali hizo ndizo zitafutwazo na wataalamu. Kipande cha sifongo hugandishwa au hutiwa katika spiriti, kisha utomvu wake hujaribiwa juu ya chembechembe za saratani au vijidudu vya maradhi. Ukionyesha nguvu, hugawanywa mafungu, na kila fungu hujaribiwa upya mpaka ipatikane kemikali moja inayofanya kazi hiyo. Ni kazi ya miaka, na vipande vingi havitoi kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Werner Bergmann na Robert Feeney wa Marekani walieleza kemikali za sifongo wa Florida zenye sukari isiyo ya kawaida. Kwa kuiga umbo hilo ilitengenezwa dawa ya sitarabini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1969 kutibu saratani ya damu, nayo ingali inatumika. Chembechembe ya saratani huipokea kama tofali lake la kujengea vinasaba, na ujenzi hukwama hapo hapo.

Shida kubwa ni uchache. Huko Japani, Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura walieleza mwaka 1986 kemikali iitwayo halikondrini B: kilo 600 za sifongo zilitoa miligramu 12.5 tu, yaani pungufu ya punje moja ya mchele. Lau bahari ingekuwa ndiyo ghala pekee, miamba ingekwanguliwa ikabaki mitupu kabla ya wagonjwa kutosheka. Mwaka 1992 Yoshito Kishi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliiunda katika maabara. Baadaye ilibainika kuwa nusu ya umbo lake yatosha, na kutokana nayo ikapatikana eribulini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010 kwa saratani ya matiti.

Hapa Zanzibar, sifongo waliopandwa Jambiani tangu majaribio ya mwaka 2009 ni wa kuogea, si wa dawa. Asidanganyike mtu kumsaga sifongo akamnywa. Wako wanaowasha mikono kwa kuguswa tu.

Chini ya Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, nchi ambayo kiumbe ametolewa ina haki ya kuombwa ridhaa kabla ya utafiti na kupata sehemu ya faida. Kipande kilichoondoka kimya kimya hupoteza haki hiyo. Kwa hiyo mvuvi au mzamiaji atakayeombwa na mgeni kumkusanyia sifongo kwa uchunguzi, kwanza atake kuonyeshwa kibali cha utafiti, na amwarifu Sheha wake.