Dawa Mwilini Katika Hali ya Kutokuwa na Uzito

Istilahi "hali ya kutokuwa na uzito" huweza kumpotosha msomaji akadhani kwamba angani hakuna uvutano. Kituo cha Anga cha Kimataifa huzunguka dunia takriban kilomita 400 juu ya ardhi, ambako uvutano ungali karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao huanguka pamoja bila kukoma. Makala haya yanabainisha jinsi hali hiyo inavyoathiri tumbo na dawa inayomezwa.

Tendo la kumeza halitatiziki, kwa kuwa misuli ya umio husukuma chakula hata mtu akiwa kichwa chini. Matatizo huanzia tumboni. Duniani, kioevu hukaa chini na hewa juu. Angani havitengani, ndiposa anayecheua huweza kutoa chakula pamoja na hewa. Isitoshe, katika siku za mwanzo wanaanga wengi hupatwa na kichefuchefu, maradhi yaliyomsumbua Gherman Titov wa Muungano wa Kisovieti mwaka wa 1961. Tumbo lenye kichefuchefu hukawia kupitisha kidonge hadi utumbo mwembamba, ambako dawa nyingi hufyonzwa. Kwa sababu hiyo, mnamo 1989 wanaanga wa Marekani walianza kudungwa promethazini kwenye msuli badala ya kutegemea vidonge.

Aidha, majimaji ya mwili hupanda kifuani na kichwani, kisha kiasi cha plazma katika damu hupungua. Dozi ileile basi huingia katika ujazo tofauti. Ini nalo, ambalo vimeng'enya vyake huivunjavunja dawa, huathirika: panya waliosafirishwa angani mwaka wa 2011 kwa siku 13 hivi walirejea wakiwa na mafuta zaidi katika maini yao. Vilevile, uwiano wa bakteria katika utumbo wa Scott Kelly, aliyekaa angani siku 340 kati ya 2015 na 2016, ulibadilika, kisha ukarejea karibu na wa awali alipotua. Bakteria hao pia huweza kubadili baadhi ya dawa.

Hata hivyo, hitimisho lahitaji tahadhari. Katika miaka ya 1980, wanaanga walimeza parasetamoli na mate yao yakapimwa. Kiwango cha dawa kilitofautiana na cha duniani, lakini waliopimwa walikuwa wachache mno kuweza kuweka dozi mpya. Mwanaanga aliye karibu na dunia huweza kurejeshwa hospitalini kwa muda mfupi. Atakayeelekea Mirihi atakuwa safarini kwa miezi kadhaa, akitegemea kasha la dawa ambazo vipimo vyake viliwekwa kwa watu waliosimama ardhini.