SOMO KWA MAKATIBU WA VYAMA: NJIA YA KUMPATIA MWANACHAMA DAWA GHALI ZA SARATANI



Katika ukaguzi wa vitabu vya vyama vyetu vya maziwa, liko fungu moja ambalo halikosi kunisimamisha, nalo ni mikopo ya dharura kwa ajili ya matibabu. Ukifungua jalada na kuzisoma stakabadhi zilizoambatishwa, utaona kwamba mikopo iliyo mikubwa zaidi, na iliyo migumu zaidi kurejeshwa, ni ile iliyotolewa kwa familia zenye mgonjwa wa saratani. Halmashauri ilitoa kwa huruma, jambo ambalo hakuna awezaye kulilaumu. Lakini mara nyingi fedha hizo hununua dawa ya mwezi mmoja au miwili, kisha tiba inakatika, na deni linabaki.

Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba dawa za aina hii hazifikiwi kwa mkopo wa chama wala kwa harambee. Hufikiwa kwa bima iliyolipwa kabla ya ugonjwa na kwa karatasi zilizokamilika. Na kukusanya michango kwa wakati, pamoja na kutunza karatasi, ndiyo kazi ya kila siku ya katibu wa chama.

Hesabu ya dawa moja

Tuchukue dawa iitwayo trastuzumabu, inayojulikana zaidi kwa jina la kibiashara la Herceptin. Hutumika kwa saratani ya matiti ambayo chembe zake zina protini ya HER2 kupita kiasi. Takriban mgonjwa 1 katika kila 5 wa saratani hiyo huwa na aina hii. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Baada ya upasuaji, mgonjwa huipokea kila baada ya majuma 3 kwa muda wa mwaka mmoja, yaani awamu 18 hivi.

Hapa Kenya bei ya awamu moja ilikuwa shilingi 120,000. Zidisha kwa 18, utapata shilingi 2,160,000. Ni chama gani cha msingi chenye mfuko wa dharura wa kiasi hicho, na kwa mwanachama mmoja tu? Mwaka 2025 Wizara ya Afya na kampuni ya Roche, watengenezaji wa dawa hiyo, walitangaza mapatano ya kuishusha bei hadi shilingi 40,000 kwa awamu, na Mamlaka ya Afya ya Jamii ikakubali kuzilipa zote 40,000 kwa niaba ya mgonjwa aliyesajiliwa. Kwa awamu 18 ni shilingi 720,000.

Sasa linganisha. Mchango wa chini kabisa wa bima ya afya ya jamii ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya, yaani 3,600 kwa mwaka. Wanachama 200 wakilipa kiwango hicho, jumla yao ni shilingi 720,000. Kwa hiyo mchango wa mwaka wa chama kizima cha wanachama 200 unatosha dawa ya mwenzao mmoja kwa mwaka mmoja. Mwenye kuuliza kwa nini alipe ilhali haumwi apewe hesabu hii, naye aifanye mwenyewe kwa kalamu yake.

Bima na mpangilio wake

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya ile Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Mkulima hana mshahara. Yeye huulizwa maswali juu ya hali ya kaya yake, hukadiriwa kwa asilimia hiyo hiyo, na hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Hapa ndipo wakulima wengi hukwama. Wanajisajili, wanapata nambari, na kudhani kwamba kazi imekwisha. Usajili bila malipo humpa mtu huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya, lakini haumfikishi kwenye tiba ya saratani.

Mpango ulipoanza mwaka 2024, kiwango cha saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka katika mfuko wa bima, na kikiisha, shilingi 150,000 zaidi kutoka katika Mfuko wa Dharura na Magonjwa Sugu. Viwango hivi hupitiwa upya na serikali, kwa hiyo katibu asimtajie mwanachama kiasi cha mwaka uliopita. Aulize ofisi ya Mamlaka kiasi kinachotumika siku hiyo. Angalieni pia neno “kaya”. Kiwango si cha kila mtu. Mume na mke wakiugua katika mwaka mmoja, wote wawili hula katika chungu kimoja.

Makato ya maziwa

Mkulima wa maziwa hulipwa kila mwezi, bali bima inataka fedha za mwaka mzima. Pengo hili chama kinaweza kuliziba. Mwanachama akitia sahihi hati ya idhini, na mkutano mkuu ukiwa umepitisha azimio, chama humkata shilingi 300, au kiasi alichokadiriwa, katika kila malipo ya maziwa, na baada ya miezi 12 hulipa mchango wake wa mwaka unaofuata.

Nasisitiza jambo moja la kihesabu. Fedha hizo si mapato ya chama. Ni amana ya wanachama, na katika mizania zinaandikwa upande wa madeni. Ziwekwe katika akaunti ya peke yake. Nimekuta chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichozitumia kununulia chakula cha ng’ombe kwa nia ya kuzirudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi bei ya maziwa ilikuwa imeshuka. Siku ya kulipa bima ilipofika, akaunti ilikuwa tupu, na kaya zote zilizokatwa zikakaa bila bima huku hati zao za malipo zikionyesha kwamba wamelipa. Katika kaya hizo kama kungekuwa na mgonjwa wa saratani aliyefika awamu ya 7 kati ya 18, angerudishwa mlangoni.

Mwaka wa kwanza una ugumu wake, kwa kuwa mwanachama angekaa miezi 12 akiweka akiba bila kinga. Nionavyo, ni bora chama kimlipie mchango wa mwaka mara moja kutoka katika mfuko wa mikopo, kisha kijirudishie kidogo kidogo kutoka katika maziwa yake. Mkopo wa shilingi 3,600 kwa mtu mzima hurejeshwa. Wa shilingi 300,000 kwa mgonjwa ni nadra. Wako watakaosema kwamba mwanachama huyo atachukua bima kisha aanze kumuuzia mchuuzi maziwa yake. Wengine watafanya hivyo, ndiyo maana hati ya idhini iwe na mdhamini. Katika vyama vya kahawa, ambako malipo huingia moja kwa moja katika akaunti ya mkulima, njia iliyo rahisi ni mkulima mwenyewe kuiandikia benki yake agizo.

Karatasi zinazofungua mlango

Dawa ghali haitolewi kwa sababu mgonjwa anaihitaji tu. Hutolewa kwa sababu karatasi zinathibitisha kwamba itamfaa. Kwa Herceptin, karatasi ya kwanza ni matokeo ya kipimo cha HER2 kilichofanywa katika kipande cha nyama ya uvimbe. Matokeo huandikwa kwa daraja, kuanzia 0 hadi 3. Daraja la 3 lina maana kwamba dawa inafaa. Daraja la 2 halina maana ya kunyimwa. Lina maana kwamba kipimo cha pili chahitajika. Familia nyingine hurudi nyumbani na karatasi ya daraja la 2 zikidhani zimekataliwa. Pamoja na hayo hutakiwa kipimo cha moyo, kwa sababu dawa hii yaweza kuudhoofisha, na kipimo hicho hurudiwa mara kwa mara wakati wa tiba.

Daktari akishaandika mpango wa tiba, hospitali huuombea idhini ya Mamlaka kabla ya kuanza. Ombi hukwama kwa mambo madogo sana: jina la kitambulisho ni moja na la kadi ya hospitali ni jingine, mke hakuandikwa katika kaya, mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Haya yote katibu anaweza kuyasahihisha mwaka mmoja kabla ya mtu yeyote kuugua. Afungue daftari lenye safu za jina kama lilivyo katika kitambulisho, nambari ya bima, wategemezi, tarehe ya kulipa na tarehe ya kwisha. Safu ya mwisho isomwe kila mwezi.

Duka la dawa

Hospitali ikiishiwa na dawa, mgonjwa huambiwa akainunue nje. Kabla hajatoa fedha, aulize ni hospitali gani nyingine yenye mkataba na Mamlaka inayo dawa hiyo, maana fedha alizolipa dukani kwa mkono wake ni vigumu kuzidai baadaye. Na akilazimika kununua, iwe ni kwa mfamasia mwenye leseni, aandikiwe stakabadhi yenye nambari ya toleo la dawa.

Sisemi haya kwa kumtisha mtu. Mwezi wa Julai 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa bandia za saratani, zenye majina ya Avastin na Sutent, zilizogunduliwa Kampala. Vifungashio vilifanana na vya kweli. Ndani hapakuwa na dawa iliyotajwa. Tena Herceptin hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyosafiri katika mfuko wa abiria ndani ya basi, hata kama ni halali, haiaminiki tena. Bei ya chini ya muuzaji asiye na duka isimvute mtu.

Mahali pasipotegemea bima

Ziko dawa chache zinazopatikana kwa njia nyingine. Dawa ya imatinibu, au Glivec, ya saratani ya damu ya aina fulani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na kuanzia mwaka uliofuata kampuni ya Novartis pamoja na The Max Foundation walianza mpango wa kuwapa bure wagonjwa wa nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Masharti ni kipimo cha kuthibitisha aina ya saratani na kuandikishwa na daktari wa mpango. Ni vidonge vya kila siku, na mgonjwa hurudi hospitalini kuchukua vingine. Kwa mgonjwa kama huyo gharama inayobaki ni nauli. Mfuko wa dharura wa chama, ambao hauwezi kulipa shilingi 120,000, unaweza kulipa nauli ya kwenda Nairobi au Eldoret bila kutikisika, na halmashauri ingefanya vema kuiandika nauli hiyo katika kanuni za mfuko.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano ujao wa halmashauri: Katika chama chenu, wanachama wangapi wamesajiliwa, na kati yao wangapi wamelipa mwaka huu? Tofauti ya hesabu hizo mbili ni kaya ngapi, na ni nani atakayezitembelea? Fedha za makato ya bima, kama mmeanza kukata, zimo katika akaunti ipi, na ni nani watia sahihi wake?